Sahani Yenye Mkwaruzo

Meneja wa kiwanda alimpa Inspekta ovaroli nyeupe, kofia, barakoa na soksi za plastiki za kuvalia juu ya viatu, kisha akamgeukia Koplo na kumpa za kwake. Za Koplo zilimbana. Alivuta zipu mpaka kitovuni, ikagoma hapo.

"Acha tu," Inspekta alimwambia. "Baki nje, uangalie mazingira."

Koplo alielewa. Kwa wawili hao, kuangalia mazingira maana yake ilikuwa kuzungumza na watu ambao meneja hakuwataja.

Inspekta aliingia chumba safi peke yake na meneja. Hewa ilivuma kutoka darini bila kukoma. Wanawake kumi hivi, wote weupe kuanzia utosini hadi unyayoni, macho tu yakionekana, walikuwa wakiosha sahani za silikoni kwenye mabeseni ya dawa na kuzihamisha kwa koleo za plastiki. Kila sahani ilikuwa duara jembamba, upana wa kiganja kilichokunjuliwa, linalong'aa kama kioo. Mwishoni mwa chumba palikuwa na tanuri.

"Unywele mmoja ukidondoka humu, afande, kazi ya mwezi mzima imekwenda na maji," meneja alisema. "Sahani zikitoka tanurini zinaingia chumba cha pili, zinachorwa, zinakatwa vipande vidogo vidogo. Kila kipande ni chipu. Kila mita mpya ya umeme nchini ina chipu ya hapa. Ndivyo sheria inavyotaka."

"Sheria naijua. Nionyeshe zilipoibwa."

Kabati la chuma lilikuwa na makufuli mawili, yote mazima. Kasha moja lenye sahani ishirini na tano halikuwepo. Kwa mujibu wa hati ya mapokezi, kasha hilo lilifika tarehe kumi na tano, likiwa na lakiri ya mtengenezaji. Tarehe ishirini na moja lakiri ilikatwa, kasha likatoweka. Kesho yake, tarehe ishirini na mbili, walinzi walipekua makabati ya wafanyakazi wakakuta sahani moja kwenye kabati la fundi wa tanuri, imefungwa kwa taulo. Akakamatwa palepale.

"Na ishirini na nne zilizobaki?"

"Ndiyo kazi yenu hiyo, afande. Ninachojua ni kwamba wakaguzi wa serikali wanakuja baada ya siku tisa. Walitupa ardhi, wakatusamehe kodi miaka kumi, kwa sharti moja. Mwaka wa tatu tuwaonyeshe kwamba chipu inaanzia sahani tupu na kumalizikia hapa hapa. Sasa nitawaonyesha nini? Nimeshaandika barua ukaguzi uahirishwe. Hii ni hujuma."

"Kiwanda kizima kinasimama kwa kasha moja?"

"Zilikuwa za aina maalumu."

"Angemuuzia nani?"

"Washindani. Nje huko."

Inspekta aliandika. Karibu na mlango wa kutokea kulikuwa na mlango mwingine wa chuma, usio na dirisha.

"Huku?"

"Chumba cha pili. Kina kemikali. Hata wafanyakazi wa huku hawaingii."

Walipotoka, meneja alimkabidhi kijisanduku cha plastiki angavu. Ndani mlikuwa na chipu moja nyeusi iliyoandikwa kwa herufi nyeupe: IMETENGENEZWA NCHINI. "Zawadi ya ofisi," alisema. "Hata mawaziri tunawapa."

"Nitaipokea kama kielelezo," Inspekta alijibu, akamwomba asaini kwamba ameitoa yeye.

Koplo alikuwa nyuma ya jengo, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akicheka na mzee mmoja mwenye spana mfukoni. Nyuma yao palikuwa na matangi makubwa na mabomba manene kuliko paja la mtu.

"Afande, msikie fundi wa maji," Koplo alisema. "Hebu mzee, rudia."

Fundi wa maji alivua kofia. "Nilichosema ni kwamba wale wataalamu waliofunga mtambo huu walituambia kiwanda kitakunywa maji kama mji. Chipu inaoshwa, inaoshwa tena, kwa maji safi kuliko ya kuchomea sindano."

"Na kinakunywa?"

"Kinakunywa kama shule ya chekechea. Maji ya choo na ya chai. Mita ile pale, kasome mwenyewe."

"Mtambo unawashwa lini?"

"Siku ya wageni."

"Wageni gani?"

"Wenye kamera, mama."

Inspekta alikwenda akaisoma mita, akaipiga picha, akamshukuru. Kwenye gari Koplo aliuliza kama kesi imekwisha.

"Haijaanza. Meneja atasema wako kwenye majaribio. Twende tukamsikie mwizi."

Fundi wa tanuri aliletwa chumba cha mahojiano bila viatu vyake vya kazi; alikuwa amepewa kandambili za kituo, moja kubwa kuliko mwenzake. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyekaa wima, mikono mezani.

"Sahani iliingiaje kwenye kabati lako?"

"Aliyeiweka ndiye ajuaye."

"Kabati lina funguo?"

"Mbili. Mmoja wangu, mmoja uko ofisini kwa meneja."

"Umewahi kufanya kazi wapi kabla ya hapo?"

"Nilikuwa mwalimu wa fizikia, miaka tisa. Serikali ilipotangaza sera ya chipu niliacha ualimu. Niliwaaga wanafunzi wangu nikawaambia, siku moja mtafungua redio mtakuta kazi ya mikono yangu." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Walinipigia makofi."

"Nani ana ugomvi na wewe kule?"

"Sina ugomvi na mtu. Nilianza tu kuuliza maswali."

"Maswali gani?"

Alivuta pumzi. "Mwezi wa nne niliingiza tanurini sahani yenye mkwaruzo ukingoni. Mkwaruzo kama namba saba, na kijistari katikati. Nikauandika kwenye daftari la zamu. Mwezi wa sita sahani ile ile ikarudi mikononi mwangu. Sasa afande, sahani ikitoka kwangu inakwenda kukatwa vipande mia kadhaa. Wewe umeshawahi kuona kuku aliyechinjwa amerudi bandani?"

Koplo aliinama kuficha kicheko.

"Ulimwambia nani?"

"Meneja. Akasema nimefananisha. Mwezi wa nane nikaiona tena. Nikamwambia tena, akaniambia nipumzike, macho yamechoka. Ndipo nikaandika barua wizarani. Walishatutangazia kwamba mfanyakazi mwenye wasiwasi aandike kwa ofisi inayosimamia sera, jina lake litafichwa. Niliipeleka kwa mkono. Sikutaka ipotee njiani."

"Una ushahidi uliipeleka?"

"Nakala yangu iligongwa muhuri. Iko kwenye pochi, na pochi mnayo nyinyi."

Inspekta alikwenda kaunta akasaini kutoa bahasha ya vitu vya mtuhumiwa. Barua ilikuwa imekunjwa mara nne. Mwandiko ulikuwa wa mwalimu, kila herufi imesimama mahali pake. Katikati ya ukurasa wa kwanza palikuwa na mchoro mdogo: duara, na ukingoni namba saba yenye kijistari. Chini palikuwa na muhuri, IMEPOKELEWA, tarehe mbili ya mwezi huo, na sahihi ya aliyepokea.

Aliitazama sahihi ile akiwa amesimama, akaitazama tena akiwa amekaa. Herufi ya kwanza ilikuwa na kichwa kikubwa. Mkia wake ulipita chini ya jina zima, ukarudi na kulikata katikati. Ripoti zake zote za shule, tangu baba yao afariki yeye akiwa darasa la nne mpaka alipomaliza kidato cha sita, zilikuwa na mkia ule pale palipoandikwa "mzazi au mlezi".

"Vipi, afande?" Koplo aliuliza. "Umeona nini?"

"Lete kielelezo. Ile sahani ya kabatini."

Koplo alivaa glavu akaitoa kwenye mfuko, akaigeuza polepole mbele ya dirisha. Ukingoni, mahali mtu angepapita bila kupaona kama hakuambiwa, palikuwa na mkwaruzo. Saba, na kijistari.

"Soma hati ya mapokezi," Inspekta alisema. "Kasha lililoibwa lilifika lini?"

"Tarehe kumi na tano, na lakiri."

"Na barua inayouchora mkwaruzo huu ina muhuri wa lini?"

Koplo alitazama. Alitazama tena. "Tarehe mbili."

"Basi mwizi wetu aliichora sahani siku kumi na tatu kabla haijafika nchini."

"Haikutoka kwenye kasha hilo."

"Sidhani kama kasha hilo liliwahi kuwepo. Sahani ni zile zile, zinazungushwa. Zinaingia tanurini, zinatoka mlango wa nyuma, zinafutwa, zinarudi. Walihitaji wizi ili wakaguzi wasije, na mwizi ili yule mwanamke anyamaze. Wakapiga ndege wawili kwa jiwe moja, na sahani yenye alama wakaiondoa kwenye mzunguko."

"Lakini chipu zipo. Nyumbani kwangu mita inasoma vizuri tu, tena inakimbia."

Inspekta alichukua kile kijisanduku cha zawadi, akatoka hadi kwa karani wa kituo, ambaye kucha zake zilikuwa zinang'aa nyekundu. "Nisaidie dawa yako ya kuondolea rangi ya kucha."

"Afande leo unajipamba?"

"Nampamba mwenzio."

Alimimina matone mawili kwenye pamba akaisugua chipu. Herufi nyeupe zilivuliwa kama ngozi. Uso mweusi uliokuwa chini yake ulilainika, ukawa masizi kwenye pamba, na chini ya ule weusi yakajitokeza maandishi mengine, madogo, yaliyochongwa: jina la kampuni ya ng'ambo na mwaka. Mwaka huo ulikuwa wa nyuma sana. Kiwanda kilikuwa hakijachimbiwa hata msingi.

Karani aliacha kutafuna. "Sasa hiyo ndiyo nini?"

"Hiyo ni kuzaliwa upya," Koplo alisema.

Inspekta hakucheka. Alipanda ngazi hadi ofisi ya Mkuu wa upelelezi, akaweka mezani barua, sahani, chipu na pamba. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha Inspekta akauliza, "Mkuu, kesi hii nilipewaje mimi? Mimi si wa zamu ya wizi wa viwandani."

"Wizarani walipiga simu. Walitaka mtu makini, wakakutaja kwa jina."

"Nani alipiga?"

Mkuu alimtazama kwa mshangao. "Kaka yako. Nilidhani mmeongea."

Inspekta alikiweka kidole chake chini ya sahihi. "Hii ni ya kwake."

Kwa muda Mkuu alichezea kifuniko cha kalamu. "Basi faili si lako tena. Unalijua hilo."

"Najua. Naomba niwepo akihojiwa."

"Ahoji Koplo. Wewe ukae. Ukifungua mdomo kama ndugu, nakutoa kazini. Mimi napeleka watu kiwandani wakafungue huo mlango wa chuma."

Ofisi ya kaka yake ilikuwa ghorofa ya tatu ya wizara, dirisha linatazama maegesho. Ukutani kulikuwa na bango la sera: mkono wa mwanamke umeshika chipu, na chini yake maneno TUNAWEZA. Yeye ndiye aliyeiandika sera ile, kuanzia ukurasa wa kwanza. Alipomwona mdogo wake alisimama na kufungua mikono.

"Mdogo wangu! Wifi yako ananiuliza kila siku, Jumapili mnakuja au mmetususa?"

Inspekta alikaa kwenye kiti cha pembeni. Koplo akakaa mbele ya meza, akatoa karatasi.

"Mzee, sahihi hii ni ya nani?"

Kaka alivaa miwani. Aliitazama barua muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutambua jina lake mwenyewe.

"Ni yangu."

"Baada ya kuipokea uliifanyia nini?"

"Nilifuatilia."

"Ulifuatilia kwa nani?"

"Kwa mhusika."

"Mhusika ndiye meneja?"

Alivua miwani. Hakumjibu Koplo; alimgeukia dada yake. "Umeshakwenda huko ndani ukaona. Unajua nimeibeba sera hii miaka kumi na moja? Nilichekwa. Mtu mzima anataka kutengeneza chipu, hata viberiti tunaagiza. Hawa wawekezaji wa kwanza walikuja na maneno matamu, nikawapokea. Nilipogundua hawana lolote, wawekezaji wa pili walikuwa wameshakuja kuangalia ardhi. Hao ni wa kweli. Wana mitambo, wana watu. Wanaanza kujenga mwakani. Wakisikia cha kwanza kilikuwa maigizo, watafunga mabegi. Nilihitaji mwaka mmoja tu."

"Kila robo mwaka ulisaini kwamba umekagua," Koplo alisema.

"Nilisaini."

"Na barua ya fundi ukampelekea meneja."

"Nilimwambia azungumze naye. Sikumwambia amfunge."

"Ila aliposema atamshitaki kwa wizi, ulijua."

Kaka alitazama bango lake. "Angepata kifungo cha nje. Ni kosa lake la kwanza. Baada ya mwaka ningemtafutia nafasi kwenye kiwanda cha kweli. Ningemtafutia, wallahi."

Inspekta alisahau onyo la Mkuu. "Alikuandikia wewe. Katika nchi nzima alimwandikia mtu mmoja, na mtu huyo ukawa wewe."

"Ndiyo maana nikakuomba wewe. Wewe una huruma, usingemtesa."

"Uliniomba kwa sababu ulijua nitaiona hiyo sahihi, na ulijua nitafanya nini nikiiona."

Kaka alisema taratibu, kama anavyosema akimwamsha mtoto, "Ulipofukuzwa shule kidato cha pili, nani alikwenda kupiga magoti kwa mkuu wa shule?"

"Wewe, kaka."

"Mama alipolazwa miezi mitatu, nani alikuwa anakusuka nywele kila Jumapili ili wenzako wasikucheke?"

"Wewe."

"Basi?"

Mkono wa Inspekta ulikuwa umeshika ukingo wa kiti. Aliona kwamba kaka yake amezeeka mwaka huu, na kwamba hakuwahi kumwuliza kwa nini.

"Koplo," alisema, "endelea na maelezo."

Maelezo yalichukua saa nzima na kurasa sita. Kabla ya kusaini kaka aliomba jambo moja, mkewe asielezwe na polisi. "Nitamweleza mimi," Inspekta alisema. Kisha akatoka hadi koridoni, akasimama akiegemea ukuta mpaka Koplo alipomaliza.

Simu ya Mkuu iliwakuta ngazini. Mlango wa chuma ulikuwa umefunguliwa. Ndani hamkuwa na kemikali yoyote. Mlikuwa na maboksi ya chipu za ng'ambo hadi darini, mashine ya kusugua na mashine ya kuchapa herufi nyeupe. Kwenye rafu palikuwa na beseni la dawa na sahani thelathini zilizoanikwa kwenye taulo. Meneja alikuwa ameshatiwa pingu.

Fundi wa tanuri aliachiwa saa tisa na nusu alasiri. Alihesabu vitu vyake kwenye bahasha, akavaa viatu vyake, akaulizwa angependa kupelekwa wapi.

"Kiwandani," alisema.

"Kiwanda kimefungwa, dada. Nikupeleke nyumbani ukapumzike."

"Nilikamatwa saa kumi, zamu zinapobadilishana, wenzangu wote wanaangalia. Nirudishe saa kumi."

Inspekta aliendesha mwenyewe. Walikuwa wameshavuka makutano ya pili fundi alipouliza, bila kugeuza uso, "Barua yangu ilimfikiaje meneja?"

"Aliyeipokea alimpelekea."

"Mtu mwenyewe unamfahamu?"

Inspekta angeweza kusema ni jambo lililo kwenye upelelezi. Hata kanuni zingemruhusu.

"Ni kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Fundi alisogea kidogo kuelekea mlangoni, kiasi cha kitambaa cha gauni lake kuacha kugusana na sare ya Inspekta.

Getini wanawake wa zamu zote mbili walikuwa wamejaa barabarani, wengine bado wamevaa zile ovaroli nyeupe, wakiwatazama polisi wakibandika karatasi kwenye lango. Walipomwona anashuka kwenye gari la polisi bila pingu, wakamzunguka. Mmoja alimshika mashavu, mwingine akamkagua mikono kama kaumizwa.

"Wanasema mle ndani mlikuwa na maboksi," mwanamke mmoja mfupi alisema. "Wanasema chipu zote zimetoka nje. Ni uongo, sivyo? Mwambieni afande ni uongo. Mimi nina miaka miwili na nusu humu."

Mwanamke yule akamgeukia fundi wa tanuri. "Wewe ni mwalimu, wewe tuambie. Sasa sisi miaka yote hiyo tulikuwa tunafanya nini mle ndani?"

Fundi aliwatazama mmoja mmoja.

"Tulikuwa tunaosha sahani."

Mtu mmoja nyuma aliangua kicheko, kicheko kirefu cha kweli, cha mtu aliyesikia mzaha mzuri, akaendelea kucheka mpaka wenzake wakamshika mabega, na hata hapo hakuweza kunyamaza.